Tanuri la Zurabi

Alfajiri Kutaisi, theluji dirishani.
Zurabi anabandika donge kwenye ukuta wa tanuri:
mkate wa mia na ishirini,
na hata mmoja si wake.

Mwenye njaa hana miiko;
aliyesema hakupimwa sukari.

Tumbo linamkoromea kama mbwa asiyemjua.
Analitupia yai la kuchemsha,
kokwa tano za jozi,
kipande cha jibini chenye chumvi ya kuuma ulimi.
Linanyamaza.
Halijashiba, limenyamaza tu.

Bi Nargiza, mteja wa kwanza,
anamega ncha papo hapo, mvuke unampanda usoni.
“Umeiva?” anauliza Zurabi.
“Si uonje mwenyewe!”

Anacheka.
Anafuta unga wa vidoleni kwenye suruali,
halafu, mama akishageuka,
anavinusa.