Stakabadhi

Mhandisi, umemaliza picha zako ukutani,
ukumbi wa ushirika umepiga makofi,
soda zimegawiwa.
Sasa niulize mimi, Somoe Nalinga,
karani wa ghala, miaka kumi na tisa
nikipima korosho za Kitangari.

Kinu nikijuacho mimi kina mchi.
Hiki chako, umesema, kinataka maji usiku na mchana
kisipate homa.
Maji. Hapa Newala.
Ndoo yangu iko kwenye foleni tangu alfajiri;
nimeiwekea jiwe, linisimamie.

Umesema hakina moshi. Nakubali.
Lakini sisi ni watu wa salfa:
asubuhi jirani akipuliza mikorosho yake
mimi huanua nguo zangu.
Unga ule haujui mpaka wa shamba,
na huo tunauona, unawasha macho.
Sumu yako haina rangi wala haiwashi.
Nitaanua nini?

Ghalani kwangu gunia haliingii bila karatasi:
jina, kilo, daraja, tarehe ya kutoka.
Nipe basi stakabadhi ya majivu yako.
Yatatoka lini? Mnunuzi nani?
Umekohoa. Ukasema: maelfu ya miaka.
Kalamu yangu haifiki huko,
wala lugha hii pengine haifiki.
Kibao cha HATARI atakisoma nani?
Na utayafukia wapi, Shimo la Mungu?
Lile lina mwenyewe.

Biashara hii tunaijua. Ni kangomba:
mkorosho haujatoa ua,
mtu anakuja na bakuli lake na noti mbili,
ananunua mavuno ya mtoto aliyelala mgongoni.

Wakati huo jua liko kazini.
Linakausha korosho uwanjani bila mkataba.
Fundi Asumini alipanda bati la zahanati
na bisibisi mdomoni;
paneli sita, betri mbili,
na juzi mjukuu wa Mchekenje amezaliwa
tukimwona uso.

Jua hulala, ndiyo.
Betri moja ilikufa Machi,
tukashika tochi, tukachangishana, tukanunua nyingine.
Ubovu wake una kimo chetu.

Na upepo wa ukingoni, huu unaotung'olea mabati,
hakuna aliyewahi kuuliza
kama unataka kazi.

Andika hayo, mhandisi.
Mimi narudi kwenye foleni;
jiwe langu halijui kujitetea.