Siri Aijuaye Kata

Boksi alilileta Hamdu, baharia wa meli za mizigo,
na juu yake ndege nzima, inang'aa,
rubani katabasamu kama aliyelipwa jana.
Moja kwa arubaini na nane.
Nikaiunganisha wiki mbili, sikukosea hata ribiti.
Kisha nikawasha mshumaa, nikaanza kuivunja.

Kuvunja ni kazi, msinione hivi.
Kutwa nachonga meno ya bandia hospitali ya Chake;
najua jino lililong'oka na jino lililong'olewa
hayaachi pengo la namna moja.

Nikenda Tumbe kuuliza.
Bi Time, aliyekuwa mtoto wa meno ya pili siku ilipoanguka,
kasema: ilikuja kimya. Kimya, mwanangu, kama bundi.
Shaame akabisha: ilinguruma, mbuzi wakakata kamba.
Huyu kasema kijani, yule rangi ya majivu,
wa tatu, ambaye mwaka ule hakuwa amezaliwa,
akaapa kwamba nyekundu.

Nikachukua kimya cha Bi Time.
Injini ikizimika angani, panga la chini la rafadha
ndilo linalokunjika, likarudi nyuma chini ya tumbo;
mawili ya juu hubaki yamenyooka, yameduwaa.
Nikalikunja hilo moja.
Nyumba ikanuka plastiki, kidole kikababuka.

Matope ni udongo wa Konde,
nimeuchekecha kwa kitambaa cha kilemba.
Ukoga wa bahari ni chumvi ya mawe:
unanyunyiza, unapaka rangi, unasugua chumvi itoke,
bati linachungulia chini.
Mizizi ya mikoko ni makonyo ya karafuu,
mia tatu na kumi na mawili, moja moja, kwa koleo la meno.
Ajali yangu inanukia chumba cha arusi.

Rangi ndiyo iliyonishinda. Mwezi mzima.

Mpaka siku ya kuosha mtungi wa marehemu bibi,
na ile kata yake ya bati, nyepesi,
iliyotuchotea sote, wazima na wagonjwa.
Ukingoni ina matundu matatu, yamezibwa kwa risasi.
Miaka yote midomo yetu ikiyagusa.
Nikaleta bikari, nikapima kutoka tundu hadi tundu,
nikazidisha, nikagawa, nikapima tena.
Na chini ya mkono, pale alipokaza waya,
rangi, upana wa kucha ya mtoto:
kijani cha jani la mhogo linaloanza kunyauka.

Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema.
Na ya ndege, kumbe.

Basi walikwenda usiku, maji yametoka,
na patasi na jiwe, na amri ya serikali ikiwa imebandikwa sokoni.
Bibi Mize, kigori, kashika kandili.
Bibi huyuhuyu aliyetuchapa kwa embe la jirani.
Nikachukua kekee ndogo ya kutobolea meno,
nikalitoboa bawa la kushoto:
duara, milimita nne na ushei.
Mtu akitazama kwa mbali atadhani ni tundu la risasi.

Faki, mwana wa dada, anauliza rubani yuko wapi.
Kule Tumbe kila nyumba ina wake.
Mmoja alizikwa bila jina.
Mmoja alikunywa dafu, akashukuru, akaondoka kwa miguu.
Mmoja bado analia maji yakijaa.
Kiti nimekiacha kitupu.
Mkanda, vipande viwili vya karatasi ya sigara,
nimeulaza umefunguka, ncha hii huku, ncha hii huku.
Ushahidi sina. Nimemfungulia tu.

Kata imerudi juu ya mtungi.
Faki anachota, anakunywa,
anafuta mdomo kwa kiganja,
anauliza kama inaruka.