Vibao Sita vya Shaba

Saa tano usiku Barabara ya Nasser imelala nusu,
mashine za kalenda na kadi za harusi zimepoa.
Gari lisilo na namba likasimama kibandani kwangu,
akashuka kijana wa tai, Tumuhairwe, sauti ya kuazima,
mkononi karatasi iliyokunjwa mara nne:
"Vibao sita, Wandera. Viwe tayari alfajiri.
Na kinywa kifungwe."

Kinywa nilikifunga. Macho je?
Miaka thelathini na moja nachonga majina ya milango;
nimewakaza wakija, nimewang'oa wakienda.
Kesho redio itasema, mabalozi kule Kololo
watakunywa chai wakikisia upepo wa rais mpya.
Mimi nilikwisha soma, chini ya balbu,
vumbi la shaba puani.

Kanali Drileba, Usalama wa Mipaka.
Alikaa Juba miaka mitano.
D yake nikaichimba kwa kina, mkono ukasita:
kaka yangu alivuka Elegu na lori la saruji.
Saruji ilifika.

Daktari Nansikombi, Fedha za Nje.
Kasomea Shanghai, kisha kaandika juu ya deni,
jinsi barabara inavyojengwa na babu
ikalipwa na mjukuu. Nikacheka peke yangu:
aliyemwita huyu anataka kukopa,
au anataka kujua tulikopa nini.

Balozi Opolot. Huyu sikuhitaji shaba mpya.
Nilifungua kasha la vibao vilivyong'olewa,
nikamkuta, amelala kifudifudi tangu serikali ile.
Nikamgeuza, nikamchonga mgongoni.
London na Brasel watalala usingizi mnono:
anajua uma wa samaki na uma wa nyama.

Bitwababo, Mafuta na Bomba. Herufi nyingi, pesa ile ile.

Kisha Masika wa Bwera, bila cheo mbele ya jina.
Aliuza vitenge Beni hata Kinande kikamkaa ulimini
kuliko anavyojua mwenyewe;
wanasema alivuka daraja la Mpondwe siku ya mvua
na maiti ya dereva Mkongo, akiirudisha kwa mama yake,
akawalipa askari wa pande zote mbili kwa sabuni.
Wadhifa wake, neno moja: Majirani.
Neno hilo sikuwahi kulichonga.
Nilipuliza vumbi, nikalisoma tena.

Na tazama, Kiingereza juu, Kiswahili chini!
Kiswahili cha baba yangu, cha kambi ya Jinja,
ambacho zamani hapa mjini
ukikisema usiku, watu wanazima taa.
Leo kinapanda Nakasero kwa mlango wa mbele.
Walikuwa wameandika "Mshahuri".
Nikaifuta ile h bila kuuliza mtu.
Nikasema moyoni: basi shingo imegeuka mashariki.

Hapo ndipo nikaigeuza karatasi.
Nyuma, kwa penseli, namba za vyumba.
Kanali, chumba cha pili, ukuta kwa ukuta na rais;
akikohoa, anasikika.
Opolot cha tatu. Bitwababo cha nne. Daktari cha saba.
Masika, cha kumi na tisa,
mwisho wa korido, baada ya stoo ya mafagio.

Jina ni la wageni kulisoma.
Namba ni ya mwenye nyumba.

Cha sita hakikuwa na jina. "Kiache wazi," alisema kijana
alfajiri, akivihesabu kwa kidole.
"Bado kinazungumzwa."
Na nani? Akatazama juu, kama mtu anayesubiri ndege,
kisha akanilipa, noti mpya, hakudai risiti.

Skrubu nilizifunga kila kibao na zake.
Za Kanali ni fupi, za kawaida, zinashika mbao laini.
Za Masika nilitafuta chini ya sanduku:
inchi mbili na nusu, chuma cha kweli,
zile ambazo ukitaka kuzing'oa
lazima uuharibu mlango.