Somo

Mkuu wa idara ameniandikia mistari miwili:
*Kesho anaripoti mhadhiri mpya, Atupakisye Mwakalonge.
Mpokee. Andaa semina elekezi, slaidi zisizidi arobaini.*

Nimeandaa kumi na moja.
Muundo wa chuo. Kanuni za mitihani.
Mavazi. Fomu ya likizo, nakala tatu.
Kwenye ya kumi na mbili nimekwama,
na feni inazunguka kama mtu anayetafuta la kusema.

Miaka sita iliyopita nilishuka Mtwara na begi moja
na shahada ya uzamili ndani ya mfuko wa nailoni,
mtoto wa Muleba, sijui ming'oko ni mizizi au wadudu.
Nikapewa semina hiihii, soda moja na sambusa mbili.
Nikapiga makofi, nikasaini mahudhurio.
Jioni nilikuwa mlangoni pa ofisi namba tisa
nikipigana na kitasa hadi jasho likaniingia machoni.

"Nyanyua kwanza, ndipo uzungushe."

Alikuwa Somoe Nantanga, mhazili wa idara,
bakuli la ming'oko mkononi, mvuke ukipenya kitambaa.
"Mlango huu ni kama mkuu wetu.
Usiusukume. Unyanyue kidogo."

Kwake nilijua kuwa ukumbi wa pili una mwangwi,
niseme na ukuta wa nyuma, si na safu ya mbele;
kwamba umeme ukikatika nisiwaruhusu watoke,
nifungue madirisha niendelee, sauti haina luku;
kwamba nisipange Shangani, nitalipia upepo,
niende Chuno kwa Mama Zainabu, niseme nimetumwa.

Hayo niliyasikia. Lipo nisilouliza.

Novemba ile nilimsimamisha Mfaume Chinyama
mbele ya wenzake mia na ishirini.
Wiki tatu hujaonekana, nikasema. Chuo si gulio.
Wakacheka.
Na mimi, Mungu anisamehe, nilikipenda kile kicheko:
kilikuwa cha kwanza kunijia tangu nifike.
Yeye aliangalia vidole vyake,
vyeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho,
ngozi ikibanduka vipande vipande.

Somoe hakunigombeza. Alileta chai,
akafunga mlango (akanyanyua, akazungusha),
akasema, "Baba, kuna watoto humu
ada yao wanaibangua usiku, kilo kwa kilo.
Ungeniuliza."

Ungeniuliza. Basi. Na kijiko pembeni mwa kisahani.

Nilimfuata hosteli. Kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine.
Nikapiga simu Tandahimba, ikaita, ikaita.
Jina lilibaki kwenye orodha yangu hadi Juni
na vistari mbele yake, kimoja kila Jumanne.
Nilivichora mwenyewe, kwa rula.

Huku mwali hachezwi bila somo,
mtu wa kumkalisha na kumwambia ya ndani
asije akaaibika, asije akaaibisha.
Sisi tunatolewa nje na joho,
tunapewa ufunguo, tunaambiwa karibu.
Na jina la Somoe nimelitamka mara ngapi
kabla sijalisikia?

Amestaafu tangu mwaka jana. Yuko Nanguruwe, ana kuku.
Nilipompigia kuuliza nimwambie nini mgeni,
alicheka, akasema mvua imenyesha,
akasema, "Mwulize yeye kwanza amekula nini."

Nimefuta slaidi saba. Kanuni za mitihani nimeziacha,
fomu ya likizo pia, maana atachoka.

Kesho saa mbili nitamkabidhi Atupakisye ufunguo
nisimame kando, mikono mfukoni,
nimwache apambane na kitasa kidogo, si sana.
Ming'oko nimeshaagiza, na chumvi na pilipili.
La mlango atalijua kabla chai haijapoa.

Nitaanza na Mfaume.