Tena

Kwenye kwaya zetu huitwa tena,
sauti ya mwanamume inayopanda
mpaka pale ambapo sisi wengine tungeomba radhi.
Neno lilelile la kurudia.
Aliyelibatiza simjui, lakini hakukosea.

Ermete Valdrighi alizaliwa Carpi,
nyuma ya tanuri la mjomba wake,
akauza mikate kwa baiskeli saa kumi na moja alfajiri
akinadi bei kwa sauti iliyofungua madirisha
hata ya wasio na senti.
Padri akasema: huyu ni wa kanisa.
Mjomba akasema: huyu ni wa unga.
Mjane Clelia Montorsi,
mwenye piano lenye meno manne mabubu,
hakusema kitu. Alimlaza sakafuni,
akamwekea kitabu tumboni: kinyanyue kwa pumzi.
Miaka sita kitabu kilipanda, kikashuka.

Mengine aliyasimulia Ottorina,
aliyemfunga vifungo miaka ishirini na saba.

Siku ya onyesho hakunena.
Aliandika kwenye kidaftari: *Chai. Funga dirisha.
Mwambie yule bwana wa gazeti nimekufa.*
Skafu shingoni, hata Agosti.
Mayai mawili mabichi,
na msumari uliopinda, aliouokota jukwaani Odessa,
ndani ya kila vazi: la mwana wa mfalme, la mfungwa, la mchumba.
Kufa, alikufa mara mia nne na kumi,
kwa upanga, kwa sumu, kwa wivu wa besi,
na kila mara alifufuka, akainama,
akaokota maua.
Tena! walimlilia kwa lugha yao, na yeye akarudia.
Ottorina alifua jasho la marehemu wote hao.

Usiku mmoja Lisbon
alikuwa akiimba wimbo wa baba aliyempata mwanawe,
telegramu ikaingia kwa mlango wa nyuma:
mkewe Ilde amejifungua, binti, wazima wote wawili.
Meneja akaitia mfukoni hadi pazia lishuke.
Furaha, alisema, hukausha koo.

Nisije nikasema ngoma ikilia sana hupasuka.
Haikulia sana. Ililia sawasawa,
ikachoka, kama goti linavyochoka.
Ilikuwa Parma, Februari, ana miaka hamsini na miwili,
na kule roshani ya juu kabisa
wauza nyama na maseremala wenye kuijua kila noti
kuliko wanavyozijua siku za kuzaliwa za watoto wao.
Do ya juu ilifika. Ikasimama.
Kisha ikaachia, kidogo tu.
Ottorina, nyuma ya pazia, alidhani ni mshono;
tayari alikuwa na sindano mkononi.

Hakuna aliyezomea.
Parma, inayozomea hata wazima, ilinyamaza,
na mtu mmoja huko juu akakohoa kwa adabu.
Chumbani aliuweka msumari mezani,
akaandika, ingawa onyesho lilikwisha
na sasa angeweza kusema:
*Umesikia.*
Ottorina akajibu: Nimesikia. Inua mkono, nikuvue.

Miaka ikaenda na meno yake.
Kwenye nyumba ya wanamuziki wazee, siku ya Alhamisi,
redio ya jikoni ilimtoa yeye mwenyewe,
ana miaka thelathini na mmoja, hana deni na mtu.
Mpiga filimbi mstaafu akatua kijiko.
Ermete akainua kidole:
Anakimbia huyu kijana. Nani anamfukuza?
Ottorina, aliyekuja na soksi alizozitengeneza,
alimtazama, hakumwambia.
Alikuwa amekaa mdomo wazi kidogo,
kitambaa cha supu kifuani,
na chini ya kitambaa tumbo likipanda, taratibu,
likingoja mahali pa noti ile,
kama lenye kitabu juu yake.

Ikapita.
Akauliza kama mkate umebaki.