Risasi ya Tisa

Kaka yangu Mihayo hulala mapema kabla ya mashindano.
Mimi silali. Mimi ndiye mwenye mizani.

Ni mizani ya sonara, tumeachiwa na mjomba Mwinyimvua
aliyewapimia watu wa Gongoni pete na hereni.
Visahani vyake viwili vya shaba
leo vinapima baruti, punje kwa punje,
na mkono wangu umejifunza kumimina
kama wa mtu anayemtilia mgonjwa dawa ya macho.

Maganda nimeyaosha kwa maji ya ndimu,
nimeyaanika kwenye ungo kama dagaa.
Nayajua moja moja. Hili limepigwa mara nne,
hili mara sita, hili lina mkwaruzo begani
kama mtoto aliyepenya seng'enge.

Fataki kwanza. Kidole gumba kinapapasa kitako:
isichomoze, isizame.
Kisha baruti. Kisha kichwa, wima,
na mkono wa mashine niliyoipaka nta ya Sikonge
unashuka polepole mpaka nihisi
(sisikii, nahisi)
shaba ikikubali.

Hamsini. Zote ziwe baba mmoja, mama mmoja.
Kazi yenyewe ni hiyo tu: ufanano.
Bunduki haina akili, husema Mihayo,
inarudia ilichoambiwa.

Taabu yetu ni reli.
Tunakaa nyuma ya stesheni, na garimoshi la Kigoma likipita
vikombe kabatini husemezana
na sindano ya mizani hucheza kama mkia wa mjusi uliokatika.
Basi mimi hungoja. Miaka sita nimengoja,
tochi imefungwa kwa kamba msumarini,
mikono mapajani,
mpaka behewa la mwisho lipite na nyumba itulie.

Usiku ule lilichelewa.
Saa saba. Saa nane.
Baridi ya Juni ikanipanda miguuni.
Nikasema, halitakuja. Nikamimina.

Likaja.

Sindano ilitikisika, ikatua,
au nilitaka itue.
Kanuni ni kumwaga na kuanza upya.
Nilikandamiza.
Safu ya kwanza, tundu la tisa.

Asubuhi, mita mia tatu, nyasi kavu,
risasi nane za Mihayo zilikaa pamoja
ungeweza kuzifunika kwa kifuniko cha soda.
Ya tisa ikapanda juu kushoto, peke yake,
kama mtu aliyekosea msiba.
Sajini mstaafu Ngasa aliitazama kwa darubini, akakohoa.
Mihayo akachota vumbi, akaliachia hewani.
"Upepo," alisema.

Bendera ilikuwa imelala mlingotini. Niliiona.
Kikombe kikaenda Nzega, kwa alama mbili.

Ganda lile ninalo, ndani ya kopo la hereni zangu.
Na kila mwaka Mihayo anawasimulia wageni ule upepo,
na kila mwaka unakua:
mwaka jana uling'oa bendera,
mwaka huu umeezua bati za choo cha waamuzi.
Mimi naongeza chai.

Usiku huu anakoroma chumba cha pili.
Arobaini na moja tayari, tisa bado.
Nimeinua kijiko.
Kabatini, kikombe kimoja kimemgusa mwenzake.

Narudisha kijiko mezani.
Nangoja.