Mraba wa Kijivu

Jernej, leo asubuhi nimeifungua
ile tovuti ya shule ya lesi,
kazi yangu ya majira ya baridi, miezi mitano,
theluji ya Idrija ikigonga kioo, mimi na kipanya.
Unakumbuka? Vijiti arobaini vilicheza kwenye skrini.
Ukigusa kimoja, uzi unapita juu ya uzi,
na mlio wake, tak, tak-tak,
niliurekodi jikoni kwa mama,
kafunga kitambaa kichwani, mto wa lesi mapajani,
ananiambia, "Usinichekeshe, nitapoteza hesabu."

Leo umetokea mraba wa kijivu.
Katikati alama ndogo, kama tofali lililomeguka pembe,
na sentensi moja yenye adabu ya karani:
programu-jalizi hii haitumiki tena.

Nilikucheka. Tuseme ukweli.
Wewe na ukurasa wako mweupe, aya, jedwali,
viungo vya buluu vilivyopigiwa mstari,
kila lebo uliyoifungua ukaifunga,
kama mtu azimaye taa kila atokapo chumbani.
Nikasema, "Hii ni risiti ya duka la misumari."
Ukajibu, tufaha mdomoni, "Risiti husomeka."

Mwalimu mkuu aliishangilia yangu. Yako
aliilipia nusu, tena kwa kuchelewa.

Na wageni wangu niliwasimamisha mlangoni:
pakua hiki kwanza, kubali masharti haya,
zima mashine, washa mashine, subiri.
Waliokuwa na kompyuta ya zamani wakageuka.
Sikuwahesabu. Mtu hahesabu wasioingia.

Ila Cilka aliingia. Macho yake yalikwisha kuzimika,
vidole vyake bado vikifuma maua ya sentimita moja.
Kompyuta yake ilimsomea ukurasa wako wote,
darasa, saa, bei ya uzi, mpaka jina lako chini.
Ilipofika kwangu ikasema, "Kitu."
Akabonyeza tena. "Kitu."
Akanigeukia, bila hasira: "Kitu gani, Breda?"

Nguo ya kuazima haisitiri matako, nami najua.
Yangu ilinisitiri miaka minane,
ikanipa tuzo, ikanipa picha gazetini,
kisha mwenye nguo akaidai nikiwa katikati ya soko.
Hakuniandikia hata barua. Kwa nini aniandikie?
Hakunijua.

Jioni nikashusha sanduku la mama.
Ndani, karatasi ya ruwaza, rangi ya chai,
imetobolewa na pini za wanawake watatu kabla yake.
Matundu, mistari, namba za penseli.
Hakuna aliyeyamiliki matundu yale.
Mto wowote, pini zozote, mkono wowote
unaojua kusoma njia ya uzi, unaanza.
Nililala chini ya karatasi ile utoto wangu wote,
nikaenda mjini kununua kufuli.

Basi nimeanza upya, polepole.
Kila mstari ni pointi na mkunjo,
kila mkunjo ni maneno unayoweza kuyasoma,
na kivinjari chochote kitauchora bila kuniuliza mimi wala kiwanda.
Vijiti kumi na tisa hadi sasa. Havitelezi kama vile vya zamani;
vile vilikuwa vizuri zaidi, sitadanganya,
vilikuwa na uzito, vilirukaruka.
Na mlio wa mama umebaki ndani ya faili
ambalo hakuna mlango unaolifungua. Kaseti yenyewe
niliirekodia juu, harusi ya mtu.

Nimemweka Neža, binti wa kaka yangu, mbele ya maikrofoni.
Ana miaka kumi na mmoja. Anakosea, anarudia,
tak... tak... anauliza kama ameshamaliza.
Nimeuacha mlio hivyo hivyo.

Bofya kulia, Jernej. Tazama chanzo.
Kila uzi upo pale, na majina nimeyaandika
ili mashine ya Cilka isiseme tena "kitu".

Neža ameufungua ukurasa wako pia,
kwenye simu, kituo cha basi, mvua inanyesha.
Ukafunguka mara moja, baada ya miaka yote hii.
Jedwali lako, lakini, bado ni baya.